Kufaharasisha tovuti: roboti hurudi lini?

Chukua kampuni ndogo ya safari yenye ofisi ya chumba kimoja Kwa Mrombo, jijini Arusha. Bei ya safari ya Serengeti imeshabadilishwa kwenye tovuti, lakini mgeni aliyeko Ujerumani akitafuta Google anaoneshwa ya msimu uliopita. Mwenye kampuni akiuliza, fundi wake humjibu, "Bado haijaindeksiwa." Jibu hilo limebeba kazi mbili tofauti, na Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha.

Kazi ya kwanza ni kupitia. Googlebot, programu tunayoiita roboti, hufungua ukurasa, husoma maandishi na kufuata viungo vilivyomo. Ya pili ni kufaharasisha. Faharasa tunaijua kutoka mwishoni mwa vitabu: neno, kisha namba za kurasa linakopatikana. Injini ya utafutaji hufanya vivyo hivyo kwa mtandao: "Ndutu" kurasa hizi, "kreta" kurasa zile. Ndiyo maana siridhiki na wanaosema "kuorodhesha". Orodha ya kurasa hukueleza kurasa zipi zipo, basi. Faharasa huanza na neno, na mtafutaji naye huanza na neno.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu ukurasa unaweza kupitiwa na bado usiingizwe kwenye faharasa. Tovuti za safari ziko hatarini zaidi hapo. Aya ya Ngorongoro ikinakiliwa neno kwa neno kutoka kampuni nyingine, Google haina sababu ya kuiweka mara mbili.

Sasa roboti irudi mara ngapi? Hapa ndipo fedha za watu hupotea, maana wapo wanaouza huduma ya "kuindeksi" kwa malipo ya kila mwezi. Google haipokei malipo ili ipitie tovuti mara nyingi zaidi. Kitufe cha kuomba kufaharasishwa, kilichomo kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ni cha bure, na kukibonyeza tena na tena kwa ukurasa uleule hakuharakishi kitu. Roboti hufuata mwenendo wa ukurasa: unaobadilika kweli hutembelewa zaidi, uliolala husubiri. Seva nayo ikichelewa kujibu, au ikirudisha makosa ya 500 na 503, roboti hupunguza ziara isije ikailemea.

Kuna pia ramani ya tovuti, faili ambayo Google ilianza kuitumia mwaka 2005, Yahoo na Microsoft wakaikubali mwaka uliofuata. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Kila anwani inaweza kuwa na mstari kama huu: <lastmod>2025-06-02</lastmod>, yaani tarehe ya badiliko la mwisho. Google huuzingatia ikiwa tarehe hizo ni za kweli siku zote. Vipengele vya changefreq na priority, ambavyo mafundi wengi bado wanavijaza kwa uangalifu, inavipuuza. Inaniuma kuona tovuti iliyowekewa programu ya kugeuza tarehe zote kila usiku wakati hakuna hata neno moja lililoguswa. Tarehe zikishaonekana si za kweli, haziaminiwi tena, na siku bei inapobadilika tovuti haina ishara ya kutoa.

Ningekuwa fundi wa kampuni ile, ningeweka bei kwenye ukurasa mmoja wenye anwani ya kudumu, badala ya kufungua mpya kila msimu. Ningeuunganisha na ukurasa wa mwanzo, ambao kwa kawaida ndio roboti huurudia zaidi. Bei ningeziandika kwa maandishi. Bango la picha lililotengenezewa WhatsApp libaki WhatsApp. Kwa Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, ningewasha IndexNow, utaratibu uliotangazwa mwaka 2021 na Microsoft pamoja na Yandex, ambapo tovuti yenyewe huipa injini taarifa ukurasa unapobadilika.

Halafu kuna jina la mtaa. Wengine huandika Kwa Mrombo, wengine Kwa Morombo. Injini hujitahidi kukisia tahajia, lakini kwa majina ya mitaa yetu sitegemei makisio yake. Kwenye ukurasa wa mawasiliano ningeyaandika yote mawili, katika sentensi ya kawaida inayomwelekeza mteja ofisini.