Kutua kwa Kishindo katika Nyika za Ukambani

Ndege ndogo za binafsi zilifika Ukambani, yaani katika kaunti za leo za Machakos, Kitui na Makueni, kabla ya viwanja vya kuzipokea, na kwa hiyo historia yake huko ni historia ya kutua kuliko ya kuruka. Kampuni ya Wilson Airways iliundwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson pamoja na rubani Tom Campbell Black, na mwanafunzi wa Black, Beryl Markham, alikuwa katikati ya miaka ya 1930 akiruka hadi nyika za Makindu na Yatta ili kuwatafutia tembo wawindaji walioongozwa na Bror Blixen. Kazi hiyo inasikitisha ikikumbukwa leo, lakini ilidai ustadi mkubwa, kwani mahali pa kutua palikuwa ukanda mfupi uliofyekwa porini, ambapo kichuguu kimoja au shimo la ngiri lilitosha kuvunja mguu wa ndege.

Kutua kwa kishindo ni ndege kugusa ardhi ikishuka kwa kasi kuliko miguu yake inavyoweza kuhimili. Hutokea rubani anapochelewa kuinua pua, au anapoiinua mapema mno, mbawa zikapoteza nguvu ya kubeba ndege ikiwa bado hewani. Na ndege ikidunda, kisha rubani akaisukuma chini kwa pupa, mdundo wa pili huwa mkali kuliko wa kwanza.

Joto la Ukambani huongeza hatari hiyo kwa namna isiyoonekana. Makindu iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi hewa yake huwa nyepesi kama ya karibu mita 1,800 katika kipimo sanifu, hivyo kipima mwendo huonyesha kasi ya kawaida ilhali ndege inapita juu ya ardhi kwa kasi inayozidi hiyo kwa takriban asilimia 9. Rubani mgeni, akiona vichaka vikimpita upesi, hushawishika kupunguza mwendo, na hapo ndipo mbawa humwangusha.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachosimamia uchunguzi wa ajali za ndege, hakihesabu kuwa ajali uharibifu ulioishia kwenye propela, matairi au breki bila mtu kuumia vibaya. Kwa kipimo hicho, kishindo kilichopinda propela tu porini hakiingii katika orodha ya ajali.