Feromoni na harufu bainifu: paka mwenyeji humjuaje mgeni?

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ya watu, si ya paka. Leta mtoto wa paka katika nyumba yenye paka mzima aliyezoea kutawala peke yake, uone. Mwenyeji atatunisha manyoya, atapuliza kwa hasira, kisha atapanda juu ya kabati na kugoma kushuka hata kwa dagaa. Mwenye nyumba akitafuta ushauri, haichukui muda kabla hajatajiwa feromoni: kuna chupa yake, huchomekwa kwenye soketi ukutani, naye asubiri paka wapatane.

Neno lenyewe halina kosa, na Kiswahili kimefanya vyema kulipokea lilivyo. Ila limebebeshwa kazi mbili, na moja kati ya hizo si yake.

Feromoni ni istilahi changa. Ilibuniwa mwaka 1959 na Peter Karlson, mwanabiokemia wa Kijerumani, pamoja na Martin Lüscher wa Uswisi aliyekuwa akichunguza mchwa. Waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kubeba na jingine la kuchochea. Walitaka jina la kemikali ambayo mnyama huitoa nje ya mwili wake, na ambayo ikimfikia mwenzake wa spishi ileile humfanya atende jambo fulani au hubadili ukuaji wake. Tangu mwaka 1932 Albrecht Bethe alikuwa ameshapendekeza jina lenye maana ya "homoni ya nje". Wawili hao hawakulitaka, kwa hoja kwamba homoni hufanya kazi ndani ya mwili uleule ulioitengeneza. Inayotoka kwenda kuamsha mwili wa mwingine ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mfasiri wa Kiswahili naye hushawishika kupita njia ya Bethe, maana homoni tunayo tayari, kwa nini tusiongeze "ya nje" tumalize kazi? Asipite. Njia hiyo ilishafungwa na wenye fani.

Mwaka huohuo wa 1959 Adolf Butenandt, ambaye Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1939 ilikuwa imemtambua kwa utafiti wa homoni za jinsia, alitangaza feromoni ya kwanza kuchambuliwa kikemia: bombikoli, ya nondo wa hariri. (Nondo huyu ni mdudu, si chuma cha fundi ujenzi.) Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20 na tezi za nondo jike wapatao 500,000. Dume akifikiwa na chembe chache tu za bombikoli huanza kupiga mbawa na kumtafuta jike. Hakufundishwa na yeyote, na dume wa nondo hao hufanya hivyo popote alipo. Sifa hiyo ya kutofundishwa ndiyo kiini cha istilahi, nasi tutaihitaji tukirudi kwa paka.

Kwa nini basi tusiseme "harufu" tu? Lugha yetu haina njaa upande huu. Tunanusa, vitu vinanuka au vinanukia. Tuna shombo la samaki, kikwapa, uvundo, na washairi wana riha yao. Lakini maneno yote haya yanahusu kile ambacho pua inakitambua na kukipa sifa. Feromoni si lazima inuke wala inukie. Paka ana kiungo cha pekee cha kuzipokea kemikali za namna hii, kiungo cha Jacobson, kilichopewa jina la Ludwig Jacobson, tabibu wa Denmark wa karne ya 19. Vijitundu vyake viko kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele ya juu. Paka aliyenusa mkojo wa mwenzake husimama ghafla, akainua mdomo wa juu na kuachama kidogo. Watu hudhani amechukizwa. Kumbe anavuta kemikali kuzipeleka kwenye vijitundu vile. Feromoni ibaki feromoni, basi, katika ngeli ya homoni: feromoni hii, feromoni hizi.

Katika miaka ya 1990 daktari wa mifugo wa Kifaransa, Patrick Pageat, alieleza michanganyiko mitano inayotolewa na uso wa paka. Mmoja wao, wa tatu, ni ule ambao paka huupaka kwenye miguu ya meza na kingo za milango anaposugua mashavu. Ni asidi za mafuta, na nakala yake ya maabara ndiyo inayouzwa kwa jina la Feliway. Hoja ya wauzaji ni kwamba paka akiikuta hewani atajiona yuko pahali palipokwisha kupakwa, atulie. Huenda. Mwaka 2010 Diane Frank na wenzake walipozipitia tafiti za bidhaa za aina hii kwa paka na mbwa, waliona kwamba kwa matatizo mengi ushahidi haukutosha. Sisemi chupa haina kazi. Nasema haijamtambulisha mtu kwa mtu, au tuseme paka kwa paka, na wala haikutengenezwa kwa hilo.

Hapa anaingia Tristram Wyatt wa Oxford, aliyetenganisha mwaka 2010 vitu viwili vilivyokuwa vikichanganywa. Feromoni ni ya spishi nzima na hujibiwa bila kufundishwa. Kando yake upo mchanganyiko wa kemikali unaotofautiana kati ya mnyama mmoja na mwingine, ambao wenzake hujifunza ili wamjue nani ni nani. Feromoni ni sare ya shule. Mchanganyiko huu wa pili ni sura ya mtoto aliyeivaa.

Kitu hiki cha pili napendekeza tukiite "harufu bainifu". Wanaisimu wetu wamezungumzia sifa bainifu za sauti kwa miaka mingi, yaani zile zinazotenga /p/ na /b/, na neno hilo linafaa kuvuka fani. Nilifikiria "harufu kitambulisho", nikaiacha: kitambulisho hutolewa na ofisi mara moja, ilhali harufu hii hubadilika kwa chakula, kwa ugonjwa na kwa miili anayolala nayo paka.

Tukishakuwa na maneno mawili, shughuli ya kuwakutanisha paka inaeleweka. Mtoto huwekwa chumba chake, na maji, chakula na sanduku lake la mchanga. Hilo humkinga mwenyeji pia na maradhi mpaka daktari amwone mgeni. Mpanguse mtoto mashavuni na kidevuni kwa kipande cha kanga kuukuu, ukiweke mahali mwenyeji atakapokikuta mwenyewe, si puani pake. Mwenyeji naye apanguswe kwa kipande kingine, kiende chumbani kwa mtoto. Siku mwenyeji atakaponusa na kuondoka zake bila kupuliza, walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kisha uache upenyo. Ni kazi ya siku kadhaa au majuma, na kasi huwekwa na mwenyeji. Mtoto aliyelelewa na mama na nduguze kati ya wiki ya 2 na ya 7 kwa kawaida hana ubishi. Ameshajifunza kwamba paka wengine wapo duniani.

Kwa wenzangu wa pwani: wakati huo udi na ubani vipumzike. Moshi unaotufurahisha Ijumaa jioni unaweza kufunika kila alichopaka mwenyeji kwenye fanicha, na huu si wakati wa kumvuruga.

Tofauti ya istilahi hizi huonekana wazi zaidi pale ambapo hakuna mgeni kabisa. Paka wawili walioishi pamoja kwa miaka, mmoja hupelekwa kwa daktari asubuhi, hurudi jioni akinuka dawa na mikono ya watu baki, na mwenzake humvamia mlangoni. Sura ni ileile, mlio uleule, lakini harufu bainifu imefunikwa. Kuchomeka chupa ukutani hakutairudisha. Mtandikie kikapu cha safari kwa kanga waliyokuwa wakilalia wote wawili, na akirudi mweke chumba cha pembeni mpaka amalize kujilamba. Akipulizwa tena, anzeni upya na milo ya mlangoni.