Chakula bora kwa samaki wakubwa wa kufugwa: Funzo kutoka Ziwa Kivu

Samaki aliyemo ndani ya tangi la kioo hawezi kujitafutia riziki. Uhai wake umo mikononi mwa anayemlisha, na makosa ya lishe huua polepole, mara nyingi bila mwenye samaki kutambua sababu. Mjini Gisenyi, makao makuu ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, Ziwa Kivu lililo kando ya mji linatoa funzo la kwanza: si samaki wote walao chakula kimoja.

Kila samaki na mlo wake

Katika ziwa hilo, sato hula zaidi miani na mabaki ya mimea, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili. Kambare hula wadudu, samaki wadogo na hata mizoga. Sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi hasa kwa viumbe wadogo mno wanaoelea majini.

Kanuni hiyo hufuatwa pia katika tangi. Sato mkubwa hutosheka na chakula chenye protini ya takriban asilimia 30, kikiongezewa mboga za majani zilizochemshwa kidogo. Walao nyama, kama vile oscar mwenye asili ya bonde la Amazon ambaye hupita sentimita 30, huhitaji protini ya asilimia 40 au zaidi, itokanayo hasa na samaki, kamba na wadudu.

Yanayodhuru

Nyama ya ng'ombe au ya kuku haifai kuwa mlo wa kila siku. Mafuta yake huganda katika mwili wa samaki, ambao joto lake hulingana na la maji, na hatimaye hurundikana kwenye ini. Mkate na ugali hushibisha bila kujenga mwili.

Dagaa ni chakula kizuri, lakini baadhi ya samaki wa jamii hiyo, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Anayelishwa hao peke yao kwa muda mrefu huweza kupoteza mizani na kuogelea ovyo. Kuwachemsha dagaa hukiangamiza kimeng'enya hicho. Chumvi iliyotumika kuwakaushia nayo iondolewe kwa kuwaloweka.

Vyakula vilivyotengenezwa kwa mahindi, soya au mashudu vihifadhiwe pakavu na penye ubaridi. Vikiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuanikwa juani wala kwa kupikwa. Vitamini C nayo hupungua kadiri chakula kinavyokaa, na upungufu wake hupinda uti wa mgongo wa samaki. Ni heri kununua kidogo kidogo kuliko kuweka gunia la mwaka mzima.

Kiasi gani?

Samaki mkubwa aliyekomaa huhitaji takriban asilimia 1 ya uzito wake kwa siku. Mwenye gramu 500, basi, hutosheka na gramu 5 za chakula kikavu. Anachopewa kimalizike ndani ya dakika chache, na mabaki yaondolewe, kwani yakioza hutoa amonia inayounguza mashavu yake. Maji yakipoa, mmeng'enyo hupungua kasi, na chakula kipunguzwe. Kufunga siku moja kwa juma hakumdhuru samaki aliyekomaa.

Akimshinda mwenyewe

Samaki akizidi ukubwa wa tangi, au gharama ya kumlisha ikielemea, kumtupa ziwani si huruma. Mwaka 2006, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika ajulikanaye kitaalamu kama Lamprichthys tanganicanus, ambaye pia hufugwa na wapenzi wa samaki wa mapambo, alionekana katika Ziwa Kivu. Naye hula viumbe vile vile vidogo wanavyotegemea sambaza, kitoweo na kipato cha familia nyingi za Rwanda na Kongo. Ziwa hilo lina pia takriban aina 15 za samaki wa jamii ya Haplochromis wenye asili yake, na mgeni akishazaliana humo, kumwondoa ni karibu muhali.

Njia salama ni kumkabidhi mfugaji mwingine mwenye tangi kubwa zaidi. Bora zaidi ni kuuliza, kabla ya kumnunua, atakua kiasi gani na atakula nini.