NGUO YA NDANI ILIVYOFIKA MKIWA (Sehemu ya 3): Kutoka merikani hadi kufuli la mtumba

Sehemu mbili zilizopita tuliongelea nepi na vipele vya mtoto. Leo ni zamu ya mama mwenyewe.

Kuna swali linajirudia sana inboksi: "Nesi, nimemaliza dozi ya fangasi, muwasho ukaisha, baada ya wiki mbili umerudi. Nimerogwa?"

Hujarogwa mama. Wakati mwingine ni sukari, wakati mwingine ni antibiotiki ulizomeza, wakati mwingine si fangasi kabisa, inahitaji vipimo. Ila kuna kitu kingine kinachochangia ambacho hatupendi kukitaja: UNYEVU. Chupi ya nailoni inayobana, iliyoanikwa gizani nyuma ya mlango. Ilifikaje hapo? Turudi nyuma miaka karibu 200.

1. KABLA YA CHUPI
Bibi zetu wa Kinyaturu walivaa ngozi zilizolainishwa, hewa inapita chini. Nguo ya dukani ilikuja na misafara ya kutoka pwani, ile iliyokatiza Ugogo kwenda Tabora. Kitambaa kikubwa kiliitwa MERIKANI, kwa sababu kilitoka Marekani kweli. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walikileta Zanzibar, na mwaka 1833 Sayyid Said akasaini mkataba wa biashara na Marekani. Kulikuwa pia na kaniki, ile nyeusi ya kutoka India. Zote mbili ni pamba tupu.

Marekani ilipoingia kwenye vita vyao vya ndani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika na merikani ikapungua. Waingereza na Wahindi wakaziba pengo. Yaani vita vya huko mbali viliamua mama wa bara atajifunga nini!

Kanga zilipoingia mwishoni mwa karne hiyo, nazo zilikuwa za pamba. Kanga ikichakaa inakatwa: kipande kinakuwa winda la mtoto, kingine kitambaa cha hedhi cha mama. Kinafuliwa, kinakauka, kinarudi kazini.

2. MANESI NA PEDI
Hapa najivunia kazi yangu kidogo, mnisamehe 😊. Vita vya Kwanza vya Dunia, majeruhi walifungwa vidonda kwa bandeji za nyuzi za mti zinazofyonza kuliko pamba. Manesi wakaona: hii si inatufaa siku zetu? Wakaanza kuitumia. Vita vilipoisha, mwaka 1920 kampuni iliyotengeneza zile bandeji ikaanza kuuza pedi za Kotex.

Kwetu pedi bado ni suala la mfuko. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye pedi, lakini bei madukani haikushuka ilivyotarajiwa, na 2019 kodi ikarudishwa. Ndo maana mabinti wengi bado wanategemea vitambaa, na kitambaa kinahitaji chupi nzuri ya kukishika.

3. NAILONI IKAINGIA
Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka 1935. Ni imara, inang'aa, inakauka haraka, na ikasambaa duniani kwenye soksi na nguo za ndani. Tatizo lake ni hili: pamba ikiwa hewani tu hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake. Nailoni kama 4. Poliesta haifiki hata 1. Pamba inapokea jasho. Nailoni iliyobana inaliacha kwenye ngozi. Joto, giza na majimaji: fangasi anataka nini zaidi?

Kwa haki tuseme: pamba nayo ikilowa inachelewa kukauka. Kwa hiyo pamba bila kubadilisha haisaidii.

4. MTUMBA
Baada ya uhuru tulijenga viwanda, kama Urafiki pale Dar mwaka 1968. Miaka ya 1980 vingi vikayumba, nguo zikaadimika. Enzi za Mzee Ruksa biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagika hadi magulio ya huku kwetu. Ilituvisha, tusiidharau.

Ila nguo za ndani za mtumba TBS imezipiga marufuku, kwa sababu za kiafya. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba yote taratibu. Marekani ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru. Tanzania ikalegeza, Rwanda ikakaza, na 2018 ikaondolewa nafasi hiyo. Mnaona? Merikani mpya ilitoka kule, na sasa mtumba unatoka kule, wakati pamba inalimwa Iramba na Mkalama, humu humu mkoani, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi inauzwa nje ikiwa ghafi.

5. SASA UNUNUE NINI?
✅ Igeuze ndani nje. Ile sehemu ya katikati iwe na kiraka cha pamba. Nje ikiwa ya maua ya nailoni, sawa, ila kiraka ni lazima.
✅ Lastiki isiache alama kwenye paja. Mjamzito na aliyejifungua, panda saizi.
✅ Bora tatu mpya za pamba kuliko kumi za mtumba.
✅ Lala bila chupi ukiweza. Baba watoto hatalalamika 😄
✅ Usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala dawa. Maji ya kawaida, nje tu.
✅ ANIKA JUANI. Mkiwa tuna jua na tuna upepo wa Singida usiolala, halafu chupi tunaificha chini ya godoro kwa aibu! Kama unaona haya, ianike katikati ya kanga mbili, hewa ipite.

Ukiona uchafu wenye harufu, wenye rangi ya kijani, maumivu ya tumbo la chini, au wewe ni mjamzito na unawashwa, usikimbilie duka la dawa. Njoo kituoni upimwe, na mwenzio aje pia.

Binti yako akivunja ungo, mfundishe haya kabla hujamfundisha kuficha.

Sehemu ya 4: vitambaa vya hedhi, namna ya kushona na kufua. Mtumie mama mwenzio asome. 🙏🏾