Viporo vya Gemu: Kutoka Sarafu ya Kumi hadi Gigabaiti Tisini

Wali wa jana uliobaki sufuriani ni kiporo. Mombasa wengi tunauita mwiku. Hautupwi. Asubuhi unapashwa moto, unaliwa na chai, na mara nyingine huwa mtamu kuliko ulipopikwa. Watu wa mpira nao walilichukua neno hilo: mechi ya ligi iliyoahirishwa, ambayo timu bado inadaiwa, ni kiporo. Siku hizi kuna kiporo cha tatu. Fungua akaunti yako ya Steam au ya Epic, au ile hadi diski uliyojaziwa na rafiki. Gemu zimepangana kama vyombo vya kabatini vinavyongoja wageni. Umecheza tatu. Zilizobaki hujazigusa.

Ukisoma yanayoandikwa Ulaya na Marekani kuhusu viporo hivi, hadithi ni moja: Steam ilifunguliwa mwaka 2003, baadaye yakaja mauzo ya bei ya kutupa, watu wakanunua kuliko wanavyoweza kucheza, sasa wanaona aibu. Ni hadithi ya mtu aliyeshiba. Huku Junda, Kisauni, mambo yalianza kinyume. Viporo tulikuwa navyo kabla hatujamiliki hata gemu moja. Kilichobadilika ni kile kinachotuzuia kumaliza: kwanza ilikuwa sarafu, kisha bando, na sasa ni muda. Na kila kizuizi kilipobadilika, kilibadilisha pia tunacheza na nani.

Wasioijua Junda, ukitoka mjini unavuka Daraja la Nyali, unapita Kongowea, unaingia Kisauni, halafu unaendelea mpaka karibu na mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga, tuktuk na bodaboda. Chumba cha gemu hakikuhitaji mengi: chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, televisheni moja au mbili, benchi, pazia mlangoni ili mwanga usipige skrini, na umeme usiokatika sana.

Kabla ya vyumba hivyo kulikuwa na mashine ndogo za nyumbani, zile wengi waliziita tivii gemu. Zilikuwa nakala za bei nafuu za Famicom, mashine ambayo Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 1983. Kaseti zake ziliandikwa namba za ajabu: gemu 9,999 ndani ya moja, na nyingine ziliongeza tisa mpaka karatasi ikaisha. Ukiziwasha unakuta gemu chache tu, zikijirudia kwa majina tofauti: Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ikianzia hatua ya tatu, halafu ikianzia ya tano, halafu ikiwa na rangi nyingine. Kwa hivyo orodha ndefu ya kwanza ya gemu ambazo hatukuzicheza ilikuwa uongo. Tulijua ni uongo, na bado tuliishuka yote, namba kwa namba, kwa sababu huenda ya mia nne ikawa mpya.

Kisha ikaja PlayStation 2. Sony iliitoa Japani mwezi Machi 2000, ikasitisha utengenezaji wake mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155 duniani. Nyingi zilizofika pwani yetu zilikuja zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na nyingi zilitiwa chipu ili zisome diski za kunakiliwa. Sheria ilisema vingine, lakini tuseme ukweli: bila diski hizo hakungekuwa na historia ya gemu Kisauni. Bei ya gemu halisi dukani ilikuwa kodi ya chumba.

Mfalme wa vyumba hivi alikuwa mpira wa Konami, Winning Eleven, ambao baadaye wengi waliujua kama PES. Sababu ni hesabu ya biashara. Mechi moja ina mwanzo na mwisho, inakaliwa na wawili, na anayefungwa anaondoka. Sarafu ya kumi inaingia, dakika chache zinapita, wengine wawili wanakaa. Mwenye chumba anapenda gemu inayokwisha.

Gemu ya hadithi haikwishi. Chukua Grand Theft Auto: San Andreas ya Oktoba 2004. Kuimaliza hadithi yake kuu ni takriban saa 30. Tuseme chumba kinatoza shilingi 10 kwa dakika 10: hiyo ni shilingi 1,800. Mtoto wa Junda angezitoa wapi? Na hata angezipata, kulikuwa na tatizo la memori kadi. Ile ya Sony ilikuwa na megabaiti 8 tu. Chumba ambacho hakikuwa nayo, au ambacho kadi yake moja ilifutwa na kila anayekaa, hakikuhifadhi chochote. Mashine ikizimwa, kazi yote imekwenda. Kesho unaanza tena: CJ anashuka, anapewa baiskeli, anarudi Grove Street. Kuna watu wazima leo wanaoujua mtaa ule wa kubuni kona kwa kona, na hawajawahi kuuona mwisho wa hadithi yake. Hicho ndicho kiporo chetu cha kwanza cha kweli. Tuliionja gemu ileile mara mia, tusiimalize.

Lakini benchi lilikuwa na dawa yake. Waliokuwa hawana sarafu walikaa wakatazama, wakaelekeza, wakabishana. Ukishindwa mahali pagumu unampa padi aliye hodari, anakuvusha, unaendelea. Aliyetazama alijua gemu karibu sawa na aliyecheza. Ukiuliza nani aliyemaliza, jibu la haki lilikuwa "sisi".

Hiyo "sisi" ilikuwa na mipaka yake, na si vizuri kuipamba. Vyumba vilijaa wavulana. Msichana aliyeinua pazia lile angesemwa kabla ya kufika nyumbani, kwa hivyo wengi walizijua gemu kwa sauti tu, kupitia dirishani wakienda dukani. Kwao, orodha nzima ilikuwa kiporo. Wazazi nao walikuwa na hoja: nauli ya shule iliishia mle, na kila baada ya muda chifu au polisi walipita kuwatoa watoto waliotakiwa kuwa darasani. Mlango uliofungua gemu kwa wasichana wengi ulikuwa simu. Candy Crush Saga na Subway Surfers, zote za mwaka 2012, zilichezwa kitandani, kwenye matatu, hata jikoni mchuzi ukichemka. Hazikumhitaji mtu aombe ruhusa ya kukaa kwenye benchi.

Simu isingeweza hayo bila waya. Juni 2009 waya wa baharini wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, alikuja kuupokea. Julai mwaka huohuo SEACOM ikaanza kazi. Angalia upande ulikotoka TEAMS: Ghuba, kulekule ambako majahazi yalishukia na kaskazi kwa karne nyingi, na ambako mitumba mingi ya elektroniki ilitoka. Bidhaa ziliendelea kuja kwa njia ya kale, ila sasa nyingine zilipita chini ya maji.

Waya ukitua Mombasa haimaanishi umeingia chumbani kwako Junda. Hilo lilionekana wazi mwaka 2020. Machi 27 kafyu ilianza nchi nzima. Aprili 8 kuingia na kutoka Mombasa kukapigwa marufuku, na vijana wakabaki nyumbani, benchi tupu. Halafu Mei 14, Epic ikaitoa Grand Theft Auto V bure kwa wiki moja. Watu walivamia kwa wingi mpaka tovuti ikaanguka kwa saa kadhaa. Mrithi wa San Andreas, bila sarafu hata moja! Shida ni kwamba uzito wake ulizidi gigabaiti 90. Kwa bando la siku, hiyo si bure hata kidogo. Ukibonyeza "chukua", gemu inakuwa yako kwa jina, inakaa kwenye akaunti ikingoja siku utakayopata fiba, kompyuta yenye nguvu na nafasi kwenye diski. Ilikuwa kaseti ya 9,999 tena, safari hii gemu zikiwa za kweli na mlango ukiwa umefungwa.

Leo fiba imefika mitaa mingi, na kizuizi kimehama tena. Aliyekuwa mtoto kwenye benchi sasa anaendesha tuktuk, anakaa kaunta au anafanya kazi za mtandaoni usiku. Akifika nyumbani ana saa moja. Anafungua orodha, anaisoma juu hadi chini, halafu anacheza mpira ule ule. Wengine watamwita mvivu. Mimi namwona mtu aliyefunzwa na chumba cha gemu: ana dakika chache, basi anachagua gemu inayokwisha. Tena anachagua ile ambayo mwenzake anaweza kuja akakaa.

Kuna jambo jingine la kutazama kabla hujaiita orodha hiyo mali yako. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, na walioinunua hawakuweza kuicheza tena. Septemba mwaka huo jimbo la California likapitisha sheria inayowataka wauzaji waseme wazi kwamba mnunuzi anapewa leseni, hamiliki gemu yenyewe. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni. Kiporo cha sufuriani huchacha ukikiacha. Cha mtandaoni huweza kuondolewa mezani na mwenyewe.

Na kama gemu zenyewe hupotea hivyo, fikiria vyumba vyetu. Hakuna shirika lililohesabu benchi za Kisauni. PS2 zilizokufa ziliuzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu, diski zikaning'inizwa shambani kufukuza ndege. Kilichobaki ni kumbukumbu za watu walio hai: nani alikuwa na kadi ya kwanza, sheria za nyumba zilikuwa zipi, aliyefungwa saba bila alifanywa nini. Waulize sasa, uwarekodi kwa simu, wakiwemo wasichana waliopita dirishani.

Orodha yako nayo usiigeuze deni. Ondoa zile ulizochukua kwa sababu zilikuwa bure tu. Teua moja yenye hadithi ndefu, mwite jirani au dada yako, pokezaneni padi mkishindwa. San Andreas bado inapatikana, na memori kadi si tatizo tena. Kuna watu Junda wanaongoja kumwona CJ akimaliza tangu shule ya msingi.