Majuto ni Mjukuu: Safari ya Wakati na Uchaguzi wa Kila Siku katika Historia ya Bunilizi

Methali isemayo majuto ni mjukuu imebeba nadharia nzima ya wakati. Mjukuu hazaliwi kabla ya babu; kadhalika majuto hayawezi kulitangulia tendo linalojutiwa. Bunilizi nyingi za safari ya wakati zimechipuka kwa kuikaidi kanuni hiyo. Humruhusu mhusika arudi nyuma akiwa na majuto yake tayari, achague upya kazi, mchumba au neno la kusema. Makala haya yanafuatilia jinsi mbinu hiyo ilivyobadilika tangu karne ya 19, na kuchunguza swali linalozuka: je, uchaguzi wa mtu anayeyajua matokeo yake bado ni uchaguzi?

Masimulizi ya kuvuka wakati ni ya kale kuliko mashine. Katika kisa cha watu wa pangoni, kilichomo katika Sura ya 18 ya Kurani na kinachojulikana vyema katika upwa wa Afrika Mashariki, vijana wanalala miaka 300 na kuongezewa 9. Wanapoamka, shughuli yao ya kwanza ni ya kawaida mno: mmoja wao anatumwa mjini na fedha akatafute chakula kilicho safi. Wakati umevukwa, lakini si kwa hiari yao, wala hawapewi nafasi ya kurekebisha lolote. Safari hiyo ni ishara ya uwezo wa Mungu.

Charles Dickens, katika A Christmas Carol (1843), aliisogeza mbinu hii karibu na maisha ya kila siku. Scrooge, bahili wa London, anaonyeshwa na mizuka wakati uliopita, uliopo na ujao. Yaliyopita anayaona tu kama vivuli, hawezi kuyagusa. Anapozinduka anampelekea karani wake bata mzinga, na baadaye anamwongezea mshahara. Hata hivyo, mchumba aliyempoteza ujanani harudi. Scrooge amepewa ujuzi, hakupewa kifutio. Muundo unaokaribiana na huu unajitokeza katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzuka wa babu unamjia K, mjukuu aliyeneemeka, ili kumfumbua macho. Ni kana kwamba methali imepinduliwa: sasa babu ndiye anayemletea mjukuu majuto.

Mwishoni mwa karne ya 19 safari iligeuka chombo. Katika riwaya ya Mark Twain ya 1889, A Connecticut Yankee in King Arthur's Court, Hank Morgan anaponea kuchomwa moto kwa kuwa anajua siku ya kupatwa kwa jua. Ujuzi wa yajayo umekuwa mtaji. Mtaji huo, pamoja na miradi yote ya maendeleo inayotokana nao, unaishia katika mauaji makubwa. H. G. Wells, katika The Time Machine (1895), alikamilisha mabadiliko hayo kwa kumpa msafiri mashine anayoiendesha kwa hiari yake hadi mwaka wa 802,701. Tangu hapo binadamu hapitiwi tena na wakati. Yeye ndiye anayeupita.

Waandishi wa baadaye waliikagua faida ya uwezo huo na kuzifichua hitilafu zake. Hitilafu ya kwanza ni kwamba ujuzi huchakaa. Katika hadithi fupi ya Ray Bradbury, A Sound of Thunder (1952), kipepeo mmoja aliyekanyagwa zama za kale anatosha kubadilisha matokeo ya uchaguzi wa rais. Anayelibadilisha jana amekwisha kuiharibu ramani ya leo aliyoitegemea.

Hitilafu ya pili ni gharama inayowaangukia wengine. Jeff Winston, katika Replay ya Ken Grimwood (1986), anafariki mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 43, kisha anazinduka mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 18. Anatajirika kwa kucheza kamari. Anajaribu kuzuia kuuawa kwa Kennedy. Oswald anakamatwa, lakini rais anauawa na mtu mwingine. Lililo zito zaidi ni kwamba anapofariki tena na kurudi tena, binti aliyemzaa katika maisha ya pili anakuwa hajapata kuwapo. Maisha yaliyosahihishwa yamemfuta mtu asiye na kosa.

Hitilafu ya tatu ni ya kimaadili. Katika filamu ya Harold Ramis, Groundhog Day (1993), Phil Connors anairudia siku moja mjini Punxsutawney. Anajifunza leo anachokipenda Rita ili amvutie kwacho kesho, na jioni baada ya jioni jaribio linaishia kwa kofi. Yeye ana siku nyingi, Rita ana moja. Mazungumzo ya namna hiyo ni mtego tu.

Yamkini mhakiki atapinga kwamba Phil huyo huyo hatimaye anakuwa mtu mwema, na kwa hiyo marudio yamefundisha. Hoja hiyo ina uzito, ila anachojifunza ni kupiga piano na kumdaka mtoto anayeanguka mtini, mambo yapatikanayo kwa mazoezi na uangalifu. Maskini mzee anayejaribu kumwokoa anakufa vilevile. Phil anakombolewa anapoacha kuitumia siku kama mtaji, yaani anapoanza kuishi kama wasiorudi nyuma.

Kwa muhtasari, historia hii inatuelekeza kuisoma upya methali ya majuto. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya pupa. Lakini kuchelewa kwa majuto ni dhamana pia: ndiko kunakothibitisha kwamba mtendaji alichagua bila kujua mwisho, mbele ya watu ambao nao hawakuujua. Mjukuu akizaliwa kabla ya babu, hapatakuwa na ukoo wa kumlea.