Darubini ya Msasi katika Mwambao wa Kigoma

Kila ajaye kununua darubini ya usasi au ya kutazamia shabaha huuliza kwanza inakuza mara ngapi, na muuzaji, maadamu hilo ndilo swali aliloulizwa, humtolea ile yenye tarakimu kubwa kuliko zote. Historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji na Bangwe hadi Gombe, na bara yake hadi maji ya Malagarasi, inafundisha swali jingine la kuanzia: je, chombo hiki kitanijulisha kile nikionacho ni nini, katika nuru ile niliyo nayo, kabla mkono haujatenda jambo lisilorudishika?

Nuru ya hapa ina tabia zake. Mwezi wa Mei, mvua zikisha na hewa ikiwa imeoshwa, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, pamoja na rasi ya Ubwari, huonekana kwa jicho tupu, hata mtu aliyesimama Bangwe akadhani angaliweza kuyahesabu makorongo yake. Lakini ifikapo Agosti, moto wa nyika ukisha kuteketeza majani ya Uha na Uvinza, na moshi na vumbi vikichanganyika na mvuke wa maji, ng'ambo yote hutoweka, na hakuna kioo cha mwanadamu kiwezacho kuirudisha. Darubini hukuza kile kilichomo hewani pamoja na kile kilicho nyuma yake. Mwenye kulijua jambo hili ameijua nusu ya elimu ya kuchagua.

Kisa cha kwanza kilichoandikwa juu ya kutazama katika mwambao huu ni kisa cha macho yaliyoshindwa. Tarehe 13 Februari 1858, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika juu ya kilima kilichotazama ziwa, baada ya safari ya miezi mingi kutoka pwani, Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho, asione ila ukungu na mng'ao, na Burton, aliyedhoofishwa na homa, alizibiwa na miti asipambanue lile lililometameta chini yake. Aliyetambua ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni mwake akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Burton akamuuliza ule mstari wa nuru ni kitu gani, naye akajibu kwa unyenyekevu kwamba kwa maoni yake yale ni maji. Vitabu vingi vya Ulaya viliwapa sifa ya kuliona ziwa watu wawili, na mimi sioni uadilifu katika hesabu hiyo, kwa kuwa wakazi wa Ujiji walikuwa wakivua humo tangu enzi na enzi, na siku ile yenyewe jicho lililoijua kweli lilikuwa jicho la Bombay.

Ujiji waliyoingia kesho yake ilikuwa bandari ya pembe za ndovu. Zilivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, kwa mitumbwi mikubwa, zikapokelewa na wafanya biashara kama Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wao kwa miaka mingi, na baadaye Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, kisha zikachukuliwa mabegani hadi Tabora na pwani. Msasi aliyezipata pembe zile alikuwa na gumegume au gobori, bunduki ijazwayo baruti kwa mdomoni, ambayo risasi yake haikuaminika ila kwa hatua chache. Msasi wa namna hiyo alimsogelea ndovu akiupima upepo kwa majivu, akasoma nyayo na kinyesi na matawi yaliyovunjika, hata alipofyatua, aghalabu alikuwa karibu kiasi cha kuziona kope za mnyama. Darubini ingalimfaa nini mtu wa usasi huu? Alikwisha kumjua mnyama wake, dume au jike, mzee au kijana, kabla ya kuiinua silaha, na hatari ya kukaribia ndiyo iliyokuwa bei ya ujuzi huo.

Pwani, hata hivyo, darubini ilijulikana kwa manahodha, maana baharini huwezi kuisogelea merikebu usiyoijua ndipo uamue kama ni rafiki au adui. Elimu yenyewe ilianza mbali. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyeandika kitabu chake kikubwa cha manadhiri huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alibainisha kwamba kuona hutokea kwa nuru iingiayo jichoni, wala jicho halitoi miale yake. Na miaka 600 baadaye, mwaka 1608, mafundi wa miwani wa Uholanzi wakapanga vioo viwili katika mwanzi mmoja wakakileta karibu kilicho mbali. Darubini zile za awali zilizungushia kila kitu pindo la rangi, kwa sababu kioo kimoja huzitawanya rangi za nuru. Dawa yake ikawa kuunganisha aina mbili za kioo, kazi aliyoipatia hataza John Dollond wa London mwaka 1758. Mwaka 1854 Ignazio Porro, Mtaliano, akatumia vipande vya kioo vya pembe tatu kuigeuza sura iliyopinduka na kuufupisha mwanzi, na mwaka 1894 kiwanda cha Zeiss cha mji wa Jena kikaanza kuuza darubini ya macho mawili kwa njia hiyo.

Kilichoifanya darubini kuwa lazima kwa msasi ni bunduki mpya. Mtutu wenye mifuo, risasi ndefu na baruti isiyo na moshi viliufikisha mkono wa mwanadamu mahali ambapo jicho lake halijui kitu, na pengo hili kati ya kufika na kujua ndilo lililojazwa na kioo. Waingereza waliokusanyika Wimbledon mwaka 1860 kwa mashindano ya kulenga, ambayo mwaka 1890 yalihamishiwa Bisley, walikuza desturi ya mpigaji kuwa na darubini ubavuni mwake, iliyotulizwa juu ya kiweko, apate kuyaona matundu ya risasi pasipo kuiendea shabaha. Wakajifunza humo hila nyingine, ambayo hata leo wapigaji mahodari huitumia: huurekebisha uoni wa kioo uangukie karibu kidogo kuliko shabaha, mvuke wa joto ukaonekana ukitiririka kama maji ya kijito, wakajua kwa mwendo wake upepo unakoelekea na nguvu zake. Kule Scotland, walinzi wa mashamba ya kulungu walikuwa na darubini ndefu za shaba, wakilala chali na kuziegemeza juu ya goti, na ustadi wao ulikuwa mkubwa hata Lord Lovat akaunda kwao kikosi cha wapelelezi mwaka 1900 kwa vita vya Makaburu.

Mwaka huo huo wa 1900 liko jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Dola za Ulaya zenye makoloni barani Afrika zilitia saini London, mwezi wa Mei, mkataba wa kuwalinda wanyama wa mwitu, na ingawa mkataba huo haukuthibitishwa na wote, kanuni zake ziliingia katika sheria za nchi nyingi: mama mwenye mtoto asipigwe, ndovu wachanga waachwe, na pembe yenye uzito usiofika kilo 5 itaifishwe. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hii, walikuwa wamekwisha kutoa amri yao ya wanyama mwaka 1896, mwaka ule ule walioweka boma Ujiji, na Waingereza wakatoa ya kwao kwa Tanganyika mwaka 1921. Tangu hapo msasi alitakiwa kujibu mbele ya sheria kwamba alimjua mnyama kabla ya kumpiga. Yule wa gobori alijua kwa kukaribia. Huyu wa mbali hakuwa na njia ila kioo.

Vita Kuu ya Kwanza ikalifikisha jambo hili ziwani kwa ukali. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, na juu yake zikaja, katika masanduku yapatayo 5,000, sehemu za meli Graf von Goetzen iliyoundwa Papenburg, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Kabla yake Wajerumani walikwisha kulitawala ziwa kwa Hedwig von Wissmann na Kingani. Mtu aliyekwenda London, Aprili 1915, kuwashauri wakuu wa manowari kwamba ziwa laweza kunyang'anywa kwa mashua ndogo ziendazo mbio, hakuwa baharia. Alikuwa msasi wa wanyama wakubwa, John Lee. Mashua hizo mbili, Mimi na Toutou, zikaletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa reli, kwa mitambo ya mvuke na kwa ng'ombe, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, hadi upande wa Kongo ya Wabelgiji, karibu na mahali mto Lukuga utokapo ziwani. Na Uingereza yenyewe ilikuwa na uhaba mkubwa wa darubini tangu mwanzo wa vita, maana vioo bora vilikuwa vikitoka Jena kwa adui, hata Lord Roberts akawaomba raia waazime darubini zao za mashindano ya farasi na za usasi kwa ajili ya askari.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915, watu wa Spicer-Simson wakiwa katika ibada, Kingani ikaonekana ikija kupeleleza. Wakaiandama, wakaiteka, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ikaja Hedwig kuitafuta. Asubuhi ile ziwa lilikuwa shwari na joto limepanda juu ya maji, na katika hali kama hiyo chombo huonekana kimerefuka, au kimeelea hewani, au kimekatika vipande viwili; nahodha wake, Odebrecht, aliwaona wapinzani, akaendelea kuwajia, kisha ghafula akageuza. Baadhi ya waliosimulia kisa hiki walisema kwamba mazigazi ya maji yalimwonyesha vyombo vikubwa kuliko vilivyokuwapo. Wengine walidhani alikusudia kuwavuta wamfuate kuelekea Goetzen. Ikiwa ni ile kauli ya kwanza, basi hakuna kioo cha wakati ule ambacho kingalimwokoa, kwani mazigazi hukuzwa pamoja na meli. Hedwig ilizamishwa siku hiyo, na mwisho wa Julai, Wabelgiji wakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe kusini, karibu na mdomo wa Malagarasi. Ikaopolewa baadaye, na tangu 1927 yaitwa Liemba.

Tajriba zote hizi zikikusanywa, hesabu ya kuchagua huwa si ngumu. Upana wa kioo cha mbele, kwa milimita, ukigawanywa kwa idadi ya kukuza, hutoa upana wa duara la nuru linaloingia jichoni. Kioo cha milimita 60 kikikuza mara 20 hutoa milimita 3, nayo yatosha mchana. Kikikuza mara 60 hutoa milimita 1 tu, na sura huwa ya giza na ya kutetemeka hata juu ya kiweko kizito. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi, ndiyo maana mabaharia walipenda ile ya kukuza mara 7 yenye kioo cha milimita 50. Mboni ya mzee haipanuki hivyo, naye hulipia nuru asiyoweza kuipokea. Kwa mwambao huu mimi ningechukua darubini ya macho mawili ya kukuza mara 8 kwa kutafutia, na ile ya jicho moja yenye kioo kipana, isiyozidi kukuza mara 30 siku nyingi, kwa kuthibitishia, vioo vyake vikiwa na ule utando wa kuzuia mwako uliobuniwa Zeiss mwaka 1935. Fauka ya hayo iwe imezibwa vyema, maana masika ya Kigoma huotesha kuvu ndani ya darubini iliyofungiwa mkobani ikiwa na unyevu, na kuvu hilo hula kioo.

Gombe, iliyotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1943, ilikuja kuonyesha chombo hicho hicho kikifanya kazi pasipo bunduki. Jane Goodall, mchunguzi wa sokwe, alifika huko tarehe 14 Julai 1960, baada ya kuzuiliwa Kigoma kwa siku kadhaa mji ulipojaa wakimbizi kutoka Kongo iliyopata uhuru wiki mbili tu kabla. Sokwe walimkimbia hata akiwa yadi 500, naye, ambaye mwanzoni alifuatana na watu wa huku kama Rashidi Kikwale waliolijua bonde, akawa anakaa juu ya kilele kinachotazama bonde la Kakombe, alfajiri kwa alfajiri, na darubini yake ya macho mawili. Kutoka hapo aliona, mwisho wa Oktoba, sokwe wakila nyama, na siku chache baadaye, mahali pengine, akamwona sokwe dume akivua mchwa kwa kijiti, jambo lililowalazimisha wataalamu kuyaandika upya maelezo yao juu ya mwanadamu na zana. Subira yake ilikuwa ile ile ya msasi, na alilolitafuta kiooni lilikuwa lile lile: yule ni nani, na anafanya nini.

Usasi wenye leseni umebaki bara, hasa katika pori la akiba la Moyowosi na vinamasi vya Malagarasi, ambavyo tangu mwaka 2000 vimo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye thamani kwa dunia. Nzohe hutoka katika mafunjo alfajiri, nuru ikiwa haba. Dume ana pembe na jike hana, na mafunjo huficha vichwa. Simba asipigwe ila akiwa dume wa miaka 6 au zaidi, na umri huo husomwa katika manyoya ya shingo, katika makovu, na katika pua inayoendelea kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Haya hayatambuliki kwa darubini ya juu ya bunduki, ambayo kumtazamia mnyama ni sawa na kumwelekezea mtutu kabla ya kumjua, na aliyemwelekezea mtutu amekwisha kutaka awe ndiye. Mgeni huja na vioo vya thamani ya gari, mwindaji bingwa ana vyake, na pamoja nao huenda askari wa wanyamapori, mtumishi wa serikali, ambaye neno lake ndilo la sheria. Nami nina yakini kwamba askari huyo anastahili kupewa na mwajiri wake darubini isiyopungua ubora wa ile ya mgeni, pamoja na kiweko chake, ili aseme ndiyo au hapana kwa alichokiona mwenyewe, na asilazimike kuazima jicho la mtu aliyelipa fedha nyingi ili jibu liwe ndiyo.